Mkono wa Fundi Mwingine

Wateja walimwita Fundi Kesho, na hawakumsingizia. Ukimpelekea gari, atalizunguka taratibu, atagonga tairi kwa ncha ya kiatu, ataguna kidogo, kisha atakuambia, "Njoo kesho." Ukija kesho unalikuta gari lako limefunguliwa nusu na yeye yuko chini ya gari la mtu mwingine, miguu tu ndiyo inaonekana. Lakini likishatoka mkononi mwake limetoka. Halirudi tena na ugonjwa uleule. Ndiyo maana watu walimlaumu, wakaapa kwamba safari hii ndiyo ya mwisho, na gari likiumwa tena wakawa wa kwanza kupiga honi mlangoni.

Gereji yake ilikuwa uwanja wenye ukuta wa matofali pande mbili na paa la bati, na ardhi yake ilikuwa nyeusi kwa oili iliyomwagika miaka nenda miaka rudi. Spana zilining'inia ukutani kwa mpango wa ukubwa, na nyuma ya kila spana alikuwa amechora umbo lake kwa rangi nyekundu, ili ikikosekana pengo lionekane. Nyumba ilikuwa nyuma ya gereji hiyohiyo: vyumba vitatu, jiko, na kibaraza ambapo dada yake mkubwa, mjane aliyehamia kwao baada ya msiba wa mumewe, alishinda akichambua mboga na mambo ya watu.

Mke wake alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Mkate. Alikuwa na pikapu ya dizeli, nyeupe kwa jina tu, maana jua na vumbi vilikuwa vimeifanya rangi ya chai ya maziwa. Kila alfajiri alikwenda kiwanda cha mikate, akapakia makreti, akayafunga kwa mikanda, akaanza mzunguko: maduka, shule, hospitali, maduka tena. Watoto walikuwa wameshakua na kwenda zao. Nyumba ilibaki na watu watatu na harufu mbili, ya mkate na ya dizeli, na ukiingia hukujua ipi imetangulia.

Fundi Kesho hakuwa mtu wa maneno matamu. Tangu siku za uchumba ulimi wake ulikuwa mzito. Mapenzi yake aliyaweka kwenye ile pikapu. Jumapili, wakati wanaume wenzake wamelala vifua wazi, yeye alikuwa ameinama kwenye boneti akibadilisha oili ambayo hakuna aliyemwomba aibadilishe. Mama Mkate aliwahi kusema kwamba mlango wa kulia unalia mpaka meno yanamsisimka. Jioni yake mlango ulikuwa kimya. Kiti cha dereva alikishona mwenyewe, kwa sindano ya magunia, kwa sababu mgongo wa mkewe ulikuwa ukimsumbua.

Kitu kimoja tu hakukikubali: mkewe kugusa chini ya boneti. Akisogea kuchungulia, mume huyo alikuwa tayari na neno.

"Utachafuka."

Au, "Simama kule mama watoto, usije ukaungua."

Naye mkewe alikuwa akisimama kule. Alisimama kule miaka mingi sana.

Sasa ile pikapu ikaanza kukosa pumzi. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, lakini ikiona mlima inalegea, inakohoa, inavuta miguu. Mama Mkate akamwambia mumewe. Mumewe akasema kesho. Akamwambia tena.

"Ni filta ya dizeli hiyo, najua," alisema Fundi Kesho bila kutoka chini ya lori la watu wa mchanga. "Hata nimeshainunua, ile pale kwenye rafu. Kesho nakufungia. Hawa wenye lori hawanipi hata nafasi ya kumeza mate."

Ikapita kesho hiyo na nyingine nyuma yake, na filta mpya ikakaa kwenye rafu ndani ya boksi lake ikipata vumbi.

Alhamisi moja mchana, akiwa chali chini ya lori lilelile, alisikia pikapu ikiingia uwanjani. Mkono wake ukasimama hewani na spana. Injini ilikuwa inaimba. Haikukohoa wala kuvuta miguu. Ilikuwa inaimba kwa sauti moja iliyonyooka, kama siku ile walipoinunua. Fundi akajivuta nje, mgongo ukiburuta vumbi. Mkewe alikuwa anashuka, mikono ya blauzi imekunjwa hadi kwenye viwiko, shavuni ana mstari wa dizeli, na usoni ana tabasamu ambalo halikuwa la mtu aliyetoka kupakua makreti.

"Imekuwaje?" fundi aliuliza.

"Ilinizimikia pale mlima wa hospitali. Ikakohoa, ikakohoa, ikalala. Bahati kuna gereji palepale, fundi wake akaja akaangalia. Ni filta tu, baba watoto, kama ulivyosema. Imejaa tope, ungeiona ungelia."

"Fundi gani?"

"Wanamwita Miwani."

"Mbona hukunipigia?"

"Nilikupigia. Simu iliita mpaka ikachoka."

Simu ilikuwa kwenye benchi, chini ya kitambaa. Fundi aliitazama, akageuza shingo.

"Na hiyo dizeli shavuni?"

"Hii?" Mama Mkate alijigusa, akacheka. "Nilikuwa nasukuma pampu. Ile ya mkono, iliyo juu ya filta. Unasukuma na kusukuma, mwanzoni inakuwa laini, halafu inakuwa ngumu, hapo unajua hewa yote imetoka." Akamwonyesha kwa kidole gumba, akisukuma hewani. "Alinionyesha kila kitu. Ana subira yule mtu, we acha tu."

Akaenda ndani kunawa. Na alipokuwa anakwenda, alipiga mluzi.

Fundi Kesho alibaki amesimama na spana mkononi. Kuna kitu kilikuwa kimempanda kifuani, hakikumezeka wala hakikutemeka. Hakukijua jina lake mara moja. Alidhani ni hasira ya kazi: mtu mwingine kaingiza mkono kwenye gari lake. Baadaye, kwenye chakula, ndipo jina lilipokuja.

"Wifi," alisema yule dada mtu, akimtazama Mama Mkate kwa jicho la pembeni, "leo umerudi na uso wa bibi harusi."

"Dada nawe! Nimejifunza kubadilisha filta."

"Filta." Dada alitafuna polepole. "Mimi nimekaa na marehemu miaka yote ile, alikuwa na magari mawili. Sikuwahi kupiga mluzi kwa ajili ya filta."

Wanawake wakacheka wote wawili. Fundi hakucheka. Alisukuma sahani, akasema ameshiba, akatoka nje, akafungua boneti.

Alitafuta kosa. Alilitafuta kama mtu anayetafuta ushahidi. Filta ilikuwa imekaa wima, imekazwa inavyotakiwa. Pale juu palikuwa pamepanguswa pakang'aa. Vibano vya mipira ya kupitishia mafuta vilikuwa vimegeuzwa vyote upande mmoja, kwa urahisi wa atakayefungua baadaye, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilifanya na aliamini hakuna mwingine anayelifanya. Akapitisha kidole chini, akitafuta tone. Angepata hata tone moja la dizeli, usiku ule angelala. Kidole kilitoka kikavu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nyumba ilipata msemo mpya, nao ulikuwa "Miwani anasema." Miwani anasema tangi lisiachwe likashuka sana, uchafu unakaa chini. Miwani anasema maji kwenye dizeli ndiyo adui. Miwani anasema sikiliza kwanza ndiyo ufungue. Yote hayo Fundi Kesho aliyajua kabla meno yake ya mwisho hayajaota, na hakuna hata moja ambalo aliwahi kumwambia mkewe. Sasa yalikuwa yanamjia mezani kwake kutoka mdomo wa mkewe yakiwa na jina la mwanamume mwingine.

Akaanza kuhesabu dalili. Mama Mkate alikuwa ameweka kitambaa safi kwenye mfuko wa mlango wa pikapu. Kwa nini? Alikuwa anaondoka mapema kidogo kuliko zamani. Kwa nini? Alipomuuliza, mkewe alisema hospitali wanataka mkate ufike kabla ya chai ya wagonjwa. Hospitali! Na ile gereji si iko mlima huohuo?

Mwishowe hakuvumilia. Aliliacha lori la watu wa mchanga, akavaa shati safi, akaenda kumwona huyo Miwani kwa macho yake. Njiani aliandaa picha ya mtu: mrefu, mabega, meno meupe, nywele za mtindo wa kisasa. Alikuwa tayari kwa mtu huyo. Alichokikuta ni mzee mfupi mwenye kitambi na upara, miwani yake imefungwa waya wa shaba mkono mmoja, ameinama kwenye teksi na kumwambia dereva, "Usiniangalie mimi usoni, sina uzuri wowote. Angalia mkono wangu."

Ingekuwa kijana mtanashati, Fundi Kesho angeelewa. Huyu alimchoma zaidi. Huyu hakuwa na kitu cha kumpendeza mke wa mtu isipokuwa kile hasa ambacho yeye alimnyima.

"Karibu, bwana, nikusaidie nini?"

"Natafuta mkanda wa feni," alisema Fundi Kesho, ambaye alikuwa na mikanda ya feni ya kumgawia kila mwenye gari mtaani. Kisha, kana kwamba ni mazungumzo tu, "Nasikia hapa unafundisha mpaka akina mama."

"Wao ndio wanafunzi!" Miwani alisimama wima, akajipangusa mikono. "Sisi wanaume tunajifanya tunajua. Juzi kakwama hapa mlimani mama mmoja, anasambaza mikate. Bwana wee! Yule mama ana masikio!"

"Masikio?"

"Masikio, nakwambia! Nimekaa kwenye kazi hii mpaka nywele zimekimbia, masikio kama ya yule mama sijapata kuyaona." Akafumba macho nyuma ya vioo vyake, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja asali.

Fundi Kesho alitoka pale bila mkanda wa feni na bila kuaga. Alitembea njia nzima kwa miguu, akigongana na watu. Masikio! Mwanamume gani anatazama masikio ya mke wa mtu, tena anayasifu mchana kweupe mbele ya dereva wa teksi?

Jioni, Mama Mkate alikuwa amekaa kwenye mkeka akiunganisha mkanda wa makreti uliokatika. Mumewe alikaa kwenye kiti nyuma yake kidogo, akamtazama masikio. Yalikuwa madogo, yamelala karibu na kichwa. La kushoto lilikuwa na matundu mawili, moja limeanza kuziba. Tundu la pili hilo hakulijua. Alikuwa ameishi na sikio lile miaka yote na hakulijua, na sasa aliwaza kama Miwani naye aliliona.

"Unaangalia nini?" mkewe aliuliza.

"Hamna."

"Nina kitu sikioni?"

"Nimesema hamna!"

Mama Mkate akamtazama, akamtazama dada mtu, wote wawili wakainua mabega.

Jumapili ikafika. Mama Mkate alikwenda kumjulia hali jirani aliyekuwa mgonjwa. Fundi Kesho alisubiri mpaka hatua zake zikapotea mtaani, akachukua ile filta ya kwenye rafu, akalipuliza vumbi boksi, akafungua boneti.

"Gari lina nini tena?" dada yake aliita kutoka kibarazani. "Si limeshatengenezwa?"

"Natengeneza vizuri."

"Aha," alisema dada, kwa ile sauti yake ya mtu aliyeona yote.

Aliifungua filta ya Miwani kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Dizeli ikammwagikia mkononi. Ilikuwa filta nzuri, mpya kabisa, haina dosari, naye aliitupa chini ya benchi kama kitu kilichooza. Kila filta ya namna hii huja na mpira wake wa duara ukingoni, ndio unaoziba ili hewa isiingie. Filta ya zamani ikitoka, mpira wake nao hutoka. Lakini mara mojamoja mpira hung'ang'ania juu, ukabaki umeganda palepale, na ukifunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili na haizibi tena. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo fundi humfundisha anayejifunza ni hili: kabla hujafunga, pitisha kidole. Fundi Kesho alikuwa amelisema neno hilo kwa kila aliyepitia mikononi mwake.

Siku hiyo hakupitisha kidole. Macho yake yalikuwa yanaona upara, na waya wa shaba, na masikio. Alifunga filta yake, akaikaza kwa mkono, kisha kwa hasira akaongeza kidogo kwa spana, jambo ambalo halitakiwi. Akasukuma pampu mpaka ikawa ngumu, akawasha. Injini ikaitika. Akasimama akiisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, kifua kikamtulia. Gari lilikuwa limerudi kuwa lake.

Jumatatu Mama Mkate aliondoka kama kawaida. Fundi alishinda kwenye lori, tena akiimba. Jua lilikuwa limeshapanda simu ilipoita. Ilikuwa sauti ya msimamizi wa kiwanda cha mikate.

"Fundi, mkeo yuko wapi? Hospitali wananipigia, mkate haujafika."

Akampigia mkewe. Simu iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Sasa, mtu mwingine angewaza ajali, au tairi, au hata filta. Fundi Kesho aliwaza mlima wa hospitali. Aliona gereji, aliona mkewe ameinama kwenye boneti akisukuma pampu, na yule mfupi amesimama pembeni akiyatazama masikio kwa raha zake. Damu ikampanda kichwani. Akadandia pikipiki ya kukodi, akamwambia dereva, "Mlima wa hospitali, na usinionee huruma."

Aliingia kwenye gereji ile akiwa bado na spana mkononi.

"Mke wangu yuko wapi?"

Miwani alikuwa anakunywa chai. Alishusha kikombe polepole. "Mkeo yupi, bwana?"

"Mama Mkate! Unayemsifia masikio mbele za watu!"

Dereva wa pikipiki alizima injini ili asikie vizuri. Kisha uso wa Miwani ukafunguka, si kwa hofu, bali kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jamaa aliyemtafuta.

"Kumbe ndiye wewe! Wewe ndiye yule mume! Bwana, kaa, kunywa chai. Unajua mkeo alinifanya nini? Sijafungua hata boneti, ananiambia, mlimani inakosa pumzi, kwenye tambarare haina shida, moshi si mweusi, kwa hiyo si pampu kubwa, ni filta. Nikamwambia mama, umejuaje? Akasema, mume wangu ni fundi, anajisemea peke yake akifanya kazi. Mimi niko jikoni nasikiliza. Miaka yote amesikiliza! Masikio ya namna hiyo utayapata wapi?"

Fundi Kesho alishusha spana. Ni kweli alikuwa na tabia ya kujisemea chini ya magari. Hakujua kama kuna mtu upande wa pili wa ukuta.

"Hajafika hapa leo?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Leo sijamwona. Kwani gari lina nini? Filta ile si nilimfungia mpya?"

Hapo ndipo vidole vyake vyenyewe vikamkumbusha. Aliiona ile filta ikitoka, dizeli ikimwagika, mkono wake ukiitupa chini ya benchi. Je, mpira ulikuwa ukingoni? Alijaribu kuuona. Hakuuona.

"Tumtafute," alisema Miwani, tayari amevaa kofia. Wakapanda pikipiki moja, watatu, Miwani katikati na kitambi chake, wakashuka mlima kwa njia ya shule.

Walimkuta karibu na kiwanda cha mbao. Pikapu ilikuwa imeegeshwa pembeni, boneti iko wazi, simu imeachwa kwenye kiti cha dereva, makreti yamefunikwa turubai kwa ajili ya vumbi. Mama Mkate alikuwa amepiga magoti juu ya bampa, mkono mmoja ndani. Alikuwa ameuchukua mkanda wa kufungia makreti, ameuzungusha kwenye filta, ameuvuta, na filta iliyokazwa kwa hasira ilikuwa imemtii. Sasa alikuwa ameshairudisha na anasukuma pampu, midomo imebana, anasubiri ugumu. Wanaume wawili walishuka kwenye pikipiki wakasimama. Hakuwageukia. Alishuka, akaingia ndani, akawasha. Injini ilikohoa mara moja, ikasita, ikakubali, ikaanza kuimba.

Ndipo akatoka akiwa na kitu kwenye ncha ya kidole: mpira mweusi wa duara.

"Huu nimeukuta umeganda juu," alisema. "Na filta ina wa kwake. Nani alifunga mipira miwili?"

Miwani aliangalia filta, akavua miwani, akaivaa tena. "Hii si filta niliyofunga mimi," alisema kwa upole. Kisha akaangalia upande mwingine, kwenye mbao, kama mtu aliyeona jambo si lake.

Kuna watu ambao wangeweza kusema uongo pale. Fundi Kesho alikuwa na uongo mmoja au miwili tayari mdomoni: filta mbovu, mafuta machafu. Lakini mkewe alikuwa anamtazama, na masikio yale yalikuwa yanamsikiliza.

"Ni mimi," alisema. "Jumapili. Niliitoa yake nikafunga yetu."

"Yake ilikuwa na kosa gani?"

"Haikuwa na kosa."

Dereva wa pikipiki akacheka kwa pua. Mama Mkate hakucheka. Aliupangusa ule mpira kwa kitambaa, akauweka kwenye kiganja cha mumewe, akakifunga kiganja.

"Nilikuomba filta, hukuwa na nafasi," alisema. "Mtu mwingine alipofunga, ukapata nafasi ya kufungua. Wagonjwa wanakunywa chai kavu, baba watoto."

Akafunga boneti, akaingia, akaondoka. Vumbi lake liliwafunika wote. Dereva wa pikipiki naye alishapata mteja kiwandani, akaenda zake, na mafundi wawili wakabaki barabarani kama mizigo iliyosahaulika.

Walitembea. Kisha Miwani akasema, akitazama mbele, "Mimi niliwahi kufunga mipira miwili kwenye basi. Lilikuwa la jeshi."

"La jeshi?"

"Likazima njiani, askari wote wakashuka wakanizunguka, wakasubiri nifungue upya."

Fundi Kesho hakutaka kucheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kikavu, kikamuuma mbavu. Lakini walipoagana njia panda hakumpa mkono. Alimpungia tu. Bado ilikuwa mapema.

Aliporudi siku hiyo, Mama Mkate hakumsemesha mumewe. Alizungumza na dada mtu, kwa sauti ya kawaida, kuhusu chumvi na mvua. Dada, kwa mara moja maishani mwake, hakuongeza neno. Alikula haraka akaenda kulala jua likiwa halijazama sawasawa. Fundi akabaki na mkewe kibarazani.

"Nilikosa," alisema.

"Najua."

"Nilimwonea wivu."

"Nani?" Mama Mkate aligeuka. "Miwani? Yule mzee wa watu?"

"Huyohuyo."

Alimtazama mumewe kwa muda, kama anatafuta mahali pa kumshikia. "Ngoja nikwambie na mimi wivu wangu," alisema. "Kila Jumapili unaiinamia ile pikapu. Unaisikiliza, unaipangusa, unaiuliza inaumwa wapi. Mimi nikisema kichwa kinauma, unasema nitakuchukulia dawa kesho. Nikisogea nione unafanya nini huko chini, unaniambia simama kule. Nimekuwa nikitamani siku moja nami niwe na boneti."

Fundi Kesho alikuwa amedhani miaka yote kwamba anamwambia jambo kwa mikono yake, kumbe jambo hilo lilikuwa likiishia kwenye gari.

"Sasa kinauma?" aliuliza mwishowe.

"Kichwa? Hapana. Mgongo."

Akasogeza kiti. Hakujua pa kuanzia. Aliweka viganja vyake vya kukaza nati mgongoni kwa mkewe, kwa woga, na mkewe akamwelekeza: juu kidogo, hapo, sasa shuka.

Tangu hapo Mama Mkate anahudumia pikapu yake mwenyewe. Siku filta ilipofika wakati wake tena, alitandika gunia uwanjani, akakunja mikono ya blauzi, na mumewe akapewa beseni la kukingia dizeli, akaambiwa asilitikise. Mama Mkate alifungua, akapitisha kidole, akapitisha tena.

"Miwani anasema uupake mpira mafuta kidogo kabla hujafunga," alisema.

Kitu kile kikampanda Fundi Kesho kifuani, kidogo kuliko zamani, lakini kilikuwa kilekile. Kuna neno lilikuja ulimini, kwamba hata yeye amekuwa akipaka mafuta tangu ujana wake. Akalimeza.

"Anasema kweli," alijibu, na akalishika beseni vizuri.